Shangazi, Nilibisha Hodi Molenbeek

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu umekataa kuandika neno jingine lolote kabla ya hilo. Tangu wakuzike kule Ujiji nami nikatazama mazishi kwenye simu, picha ikikatika kila walipoinua jeneza, sijawahi kukaa chini nikazungumza nawe. Leo nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya kwa mtindo wako, na limeharibika. Hapa sina wa kumsimulia akanielewa bila kwanza kumweleza wewe ulikuwa nani.

Lakini hukupenda mtu aanze na shida kabla ya habari, kwa hiyo habari kwanza. Naishi Auderghem, pembeni ya Brussels, chumba kimoja chenye jiko kwenye kona, dirisha linatazama miti. Wenyeji wanajisifu kwamba msitu uko karibu, mimi naujua kwa baridi yake tu. Asubuhi napanda metro, navuka mji mzima mpaka Molenbeek, ninakofundisha Kiingereza watoto wa kidato cha kwanza. Kile Kifaransa ulichonisukuma nikisome, nikilia kwamba Kigoma hakina kazi, ndicho kinachonilisha. Nilianza kwa kumshikia nafasi mwalimu aliyekwenda kujifungua. Hakurudi, nikabaki.

Siku ya kwanza niliingia darasani nikasimama mlangoni, nikingoja watoto wasimame. Ukitaka kucheka, cheka. Mmoja alikuwa anakula chipsi, akaniuliza kwa adabu kabisa kama nimepotea. Na kwenye chumba cha walimu nilikuwa nikifungua chakula changu nasema "karibuni" kwa Kifaransa, wenzangu wakanitazama wakidhani nauza. Kila mtu ana mkate wake, anaula akitazama simu yake. Si watu wabaya. Ni kwamba unaweza kukaa nao muhula mzima na usijue nani ana mama mgonjwa.

Nilizoea, au nilijitia kuzoea. Nilijifunza kusema "bonjour" na kuendelea kutembea. Nilijifunza kwamba mtoto asipokuja shule, mwalimu anabonyeza kitufe kwenye kompyuta, halafu mtu mwingine anapiga simu nyumbani, na kazi yako imeishia hapo. Hilo la kitufe ndilo lililonishinda, kwa sababu nililelewa na wewe.

Unakumbuka Alhamisi zako? Kengele ya mwisho ikilia unajifunga kanga juu ya gauni la kazini, unaniita nibebe kikapu, tunakwenda kwa mtoto ambaye hajaonekana wiki hiyo. Hukuwahi kwenda mkono mtupu. Sukari kidogo, au machungwa, au vipande vya sabuni. Njiani ulikuwa ukinipa masharti yaleyale, kana kwamba nilikuwa sijayasikia Alhamisi iliyopita. "Usiulize habari za mtoto kabla hujanywa maji ya watu." Na la pili: "Macho yako yaweke kwenye kikombe." Mimi nilikuwa na macho ya kuzurura, nikitaka kuona kitanda cha watu kikoje na nyuma ya pazia kuna nini, na ulikuwa ukinifinya paja bila kugeuza kichwa.

Siku tuliyokwenda kwa kina Zaituni naikumbuka vizuri. Mama yake alituona kwa mbali, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Mimi nikasema, "Anakimbia, Shangazi!" Ukasema, "Ana shughuli." Tukakalishwa kwenye mkeka, na baada ya kitambo mama yule akarudi anahema, na glasi mbili chini ya kanga, glasi za maua. Ukanywa maji taratibu, ukauliza habari za kuku wake, ukauliza habari za mvua, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, ukamuuliza Zaituni yuko wapi. Jumatatu Zaituni alikuwa darasani. Nilikua nikiamini kwamba ualimu ni hivyo. Unakunywa maji, na mtoto anarudi.

Sasa nikwambie juu ya Furaha. Ana miaka kumi na miwili, Mkongomani wa upande wa Uvira, lakini alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi kule Kasulu, na darasa la kwanza alilisomea hukohuko. Nilipoingia ile siku ya kwanza na wenzake wakabaki wamekaa, yeye alisimama. Peke yake, mikono nyuma, kwenye kiti cha kando ya hita. Wakamcheka. Siku za baadaye hakusimama tena, ila kila nilipoingia alijinyanyua kidogo kwenye kiti, kiasi cha kuniona mimi tu, akakaa. Shangazi, nilikuwa nakwenda kazini kwa ajili ya kile kijinyanyuo.

Wiki moja hakuja Jumatatu, hakuja Jumanne. Nilibonyeza kitufe. Jumatano hapa watoto wanatoka shule adhuhuri, nikaona Mungu amenipa Alhamisi yangu. Nikanunua sukari na machungwa, nikajifunga skafu vizuri, nikaenda. Nyumba yao niliijua, aliwahi kunionyesha tukiwa tunatoka shule, juu ya duka la vitambaa karibu na mfereji. Nilikuwa na furaha njia nzima. Nilijiona ni wewe.

Nikabonyeza kengele, sauti ya mwanamke ikaniuliza kwenye kile kispika, "Ni nani?"

"Mwalimu wa Furaha. Wa Kiingereza."

"Madame wa masomo? Uko na nani?"

"Niko peke yangu, mama."

Alichukua muda kufungua. Nilipofika juu, Furaha alikuwa amesimama katikati ya sebule na mdogo wake mkononi, mtoto wa kiume wa kama miaka mitatu, nywele zao mbichi, zimepakwa maji na kuchanwa sasa hivi. Mama yao alipokea machungwa yangu kwa mikono miwili. "Ingia, madame, ikala. Pardon, nyumba iko na désordre." Hapakuwa na fujo yoyote. Sikuwa hata nimekaa, akafungua friji. "Ona, madame. Batoto banakula bien. Hakuna siku banalala na njaa." Nikaona mayai, maziwa, sufuria ya maharage, nikasema, "Mashaallah, mama, umejaza!" Akanipeleka chumbani. "Kila mutoto na kitanda yake. Ona, na couverture mupya." Nikasifia vitanda. Nikasifia blanketi. Nikafungua mdomo wangu nikasifia mpaka bafu.

Yalikuwapo maji, Shangazi, aliyaweka mezani. Sikuyanywa. Nilikuwa nimeshughulika kutazama.

"Furaha alikuwa na fièvre, homa kidogo," alisema akinisindikiza. "Lundi atakuya. Lundi, madame, sûr." Mimi nikatelemka ngazi moyo mweupe, nikijipongeza kwamba nimekaribishwa kama mgeni wa heshima, hata chumbani nimefikishwa. Nilikaribia kukupigia simu, halafu nikakumbuka.

Jumatatu Furaha hakuja. Wala Jumanne. Langoni kwetu kuna mzee wa Bujumbura, tunamwita tonton Issa, mjomba Issa, yeye ndiye anayewafungulia watoto na kuwafungia wachelewaji. Aliniita pembeni, akashusha sauti.

"Mwalimu, ulikwenda kwa kina Furaha?"

"Nilikwenda kuwajulia hali."

"Ehe. Mtoto wamempeleka Liège, kwa shangazi yake. Kesho yake tu." Akatikisa kichwa. "Hapa mtu wa shule akigonga mlango, watu wanajua nyuma yake anakuja juge, hakimu wa watoto. Kuna mama wa kanisa yao walimnyang'anya watoto wawili. Ilianza hivyohivyo, mwanamke mwenye tabasamu, anaangalia vitanda."

Nilisimama pale langoni. Friji ikanirudia, na vitanda, na zile nywele mbichi. Nilikuwa nimepitishwa kwenye ukaguzi, na mkaguzi alikuwa mimi, nami nikapita nikitoa maksi.

Mkuu wa shule alijua kabla sijamwambia. Ni mtu mpole, alinipa hata kahawa. Akaniambia hapa mwalimu haendi nyumbani kwa mwanafunzi, anayekwenda ni mtu mwingine kabisa, na akienda ujue mambo yamekwisha kuwa mabaya. Akaniomba nisirudi kule, hata kuomba radhi, maana safari ya pili itawatisha kuliko ya kwanza. Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Ningemkosea mtu Ujiji, ningejua la kufanya, ningekwenda kubisha hodi. Hapa kosa lenyewe lilikuwa hodi.

Kiti cha kando ya hita kikabaki wazi. Naingia darasani, hakuna anayejinyanyua, nafundisha. Jioni narudi Auderghem, nakula nimesimama kwenye sinki, nalala. Nilianza kukukasirikia, Shangazi, nisamehe. Nilisema moyoni, amenilea kwa desturi zisizovuka mpaka, halafu ameniachia.

Halafu, asubuhi moja nilipokuwa sina kipindi cha mapema, mama Furaha akaingia kwenye behewa langu. Metro ile inapita Schuman, mtaa wa ofisi kubwa za Ulaya. Wenye vitambulisho shingoni wanashuka pale, na wanaopanda kuelekea Molenbeek ni wale waliokwisha kuwasafishia. Aliniona, akatazama mlango, mlango ulikuwa umefungwa. Mikono yake ilinukia sabuni.

"Madame, mutoto anasoma," alisema kabla sijamwamkia. "Anasoma kule Liège. Tuko na papier yote."

"Sikuja kwako kwa ajili ya karatasi, mama."

"Alors ulikuya juu ya nini?"

Nikamwambia. Nilianza vibaya, nikachanganya maneno, watu wanatutazama. Nikamwambia kwetu mwalimu hufika nyumbani kwa mtoto, kwamba nilikuwa na shangazi, kwamba nilimbebea kikapu, kwamba nilimwiga. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Kigoma.

"Miye nilikaa Kasulu mwaka mingi," akasema. "Ninajua ile kintu. Mwalimu alikuwa anakuya, tunafurahi." Akaufunga mkoba wake. "Lakini hapa si Kasulu, madame."

Tulipokaribia kushuka nikasikia mdomo wangu unasema, "Basi njoo kwangu wewe. Njoo uone ninapokaa." Nikamwelekeza, mpaka mwisho wa njia, mlango wa kijani, kengele ya juu kabisa.

"Nikuye kwako kufanya nini?"

"Kunywa maji," nikasema.

Akanitangulia kwenye ngazi, hakugeuka.

Nilijua haji. Ndiyo maana Jumamosi alasiri kengele ilipolia nilikuwa na nguo za ndani zimeanikwa kwenye hita, vikombe vya siku mbili kwenye sinki, na kitanda hakijatandikwa. Nikauliza kwenye kispika, "Nani?" na sauti yangu mwenyewe ikanishtua. Ilikuwa sauti yake ile ya siku ile.

"Miye. Maman Furaha."

Shangazi, nilikimbia. Nilitupa nguo chini ya kitanda, nikavuta blanketi, nikafuta meza kwa mkono wa sweta. Alipoingia alikuwa amebeba sufuria iliyofungwa kwenye kitenge, sombe ya moto, kisamvu cha kwao, chumba kizima kikanukia. Akaketi kwenye kiti changu kimoja, mimi nikakaa kitandani. Nikampa maji. Akayanywa taratibu, glasi kwenye mikono miwili, na muda wote alipokunywa macho yake yalikuwa kwenye glasi. Hakuitazama sinki. Hakutazama chini ya kitanda, ambako sidiria yangu moja ilikuwa imechungulia. Aliniuliza habari za afya, akaniuliza kama Kigoma mvua imenyesha.

Sijui kilinipanda nini. Niliinuka nikafungua friji yangu mbele yake. Maziwa, nusu ya kitunguu, karoti iliyosinyaa. "Tazama, mama," nikasema. "Nami naishi hivi. Angalia tu."

"Funga ile frigo, madame," alisema. "Sikukuya kuangalia."

Nikaifunga. Nikalia pale nikiwa nimeishika mpini. Hakunibembeleza, alingoja nimalize. Ulikuwa ukifanya hivyo pia.

Nilipokaa akaniambia yote. Kazini walimhamisha zamu, akawa anatoka nyumbani kabla watoto hawajaamka. Furaha akabaki na mdogo wake mpaka mama arudi, na akirudi shule imeshafunga lango. Akichelewa anaona haya kugonga, basi hakwenda. Ni hilo tu, Shangazi. Ni jambo ambalo wewe ungelimaliza kabla glasi haijafika nusu, ungesema mdogo apelekwe kwa jirani fulani, kwisha. Mimi sikufika hata kwenye swali, kwa sababu nilikuwa nasifia friji.

"Sasa je, atarudi?" nikamuuliza. "Mkuu ataelewa. Nitazungumza na tonton Issa, akichelewa amfungulie."

"Hapana, madame. Atabaki kule mpaka mwaka wa masomo iishe. Tantine yake iko nyumba asubui." Alisema kwa upole, na halikuwa jambo la kujadiliana. "Hata miye ninasikia vibaya. Nyumba iko kimya sana. Lakini miye naogopa bado. Weye uko mutu muzuri, ninaona. Lakini woga haijue mutu muzuri."

Halafu akanisalimia kwa niaba ya mwanawe. "Anasemaka kule nako anasimamaka, madame akiingia. Banamuchekaka. Nilimwambia aache. Anasema hapana."

Nilitazama ukuta. Nilitamani darasa la Liège lingemwona nilivyomwona mimi, na nilimwonea wivu mwanamke nisiyemjua anayesimamiwa na Furaha kila asubuhi.

Alipoinuka kuondoka aliniuliza, akivaa koti, "Hapa nani anakutembeleaka?"

"Hakuna."

"Hata dimanche?"

"Hata Jumapili, mama."

Akaifikiria sufuria yake juu ya jiko langu. Mimi nilikwisha kuanza kutafuta bakuli la kuhamishia sombe. "Acha," alisema. "Sufuria nitakuya kuikamata mercredi."

Leo ndiyo Jumatano. Sufuria nimeiosha, na kwa kuwa ya watu hairudi tupu, nimepika wali wa nazi wa kopo, umeshika chini kidogo lakini juu unaridhisha. Nimefagia. Nimefua. Nguo za ndani nimezianika bafuni na kufunga mlango. Nimenunua glasi mbili za maua, kwa sababu zangu zina mikwaruzo, na nilipokuwa narudi nazo nimezikumbatia ndani ya koti nikasimama ghafla njiani, watu wakanipita.

Nilikuwa nimemkumbuka mama Zaituni na kanga yake.

Nilidhani alikwenda kuazima glasi kwa furaha. Maisha yangu yote nimesimulia hivyo, kwamba watu walikukimbilia kwa furaha. Sasa nimekaa hapa nangoja mtu ninayempenda, mtu aliyekwisha kuniambia hakuja kuangalia, na bado roho inanidunda kila lifti ikigonga. Sikuwahi kukuuliza, na sasa siwezi, kama walikuwa wakikuogopa. Ninadhani ulijua, Shangazi. Ninadhani ndiyo maana ulinifinya.

Pumzika. Macho yangu nimeyaweka kwenye kikombe.

Mtoto wa kaka yako,
mbeba kikapu chako.